Theluji Ikichelewa, Kupe Hupanda

Safari hii inaanzia Portland, mji wa bandari katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani. Hapo, na katika mji wa Lewiston ulio mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, Kiswahili si lugha ya mpita njia. Familia kutoka Kongo, Burundi na Rwanda zimeweka makazi, na watoto wao wanakaa darasa moja na wajukuu wa wakata miti. Mtu aliyelelewa Bukavu au Gitega akitoka mjini kuelekea kaskazini, kinachomwambia kwamba ameingia nchi nyingine ni kibao cha njano kando ya barabara, chenye picha ya mnyama wa miguu mirefu, kichwa kizito na pembe pana kama viganja vilivyokunjuliwa. Waingereza waliohamia pwani hii waliazima jina la mnyama huyo kwa wenyeji wa lugha za Kialgonkini, wakamwita moose. Sisi hatuna jina lake, kwa hiyo nami nitaazima na kumwita musi. Dume aliyekomaa hupita kilo 450, na urefu wake begani hukaribia mita 2. Ukimtazama huwezi kudhani kwamba adui wake mkubwa hapa ni kidudu ambacho kikianguliwa hakifikii punje ya ufuta.

Hoja ninayoibeba katika safari hii ni moja, na nitaitetea kituo kwa kituo: musi wa kaskazini-mashariki mwa Marekani hawauawi na joto lenyewe, wala na kupe peke yake. Wanauawa pale theluji iliyochelewa inapokutana na wingi wao wenyewe. Nusu ya kwanza ya hoja hii inakubaliwa na karibu kila anayejali mazingira. Nusu ya pili inawachukiza wengi, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Barabara namba 16 inapanda kaskazini mwa New Hampshire, inaupita mji wa Berlin uliojengwa na viwanda vya karatasi, kisha inaufuata mto Androscoggin mpaka kijiji cha Errol. Kushoto na kulia ni msitu: misonobari ya aina kwa aina, mibetula yenye magome meupe, na viwanja vilivyokatwa miti miaka michache iliyopita, ambavyo sasa vimejaa machipukizi. Ni katika machipukizi hayo, kati ya Septemba na Novemba, ndipo mauaji yanapoanza, bila sauti na bila tone la damu. Kupe wa baridi, ambaye wanasayansi humwita Dermacentor albipictus, huanguliwa mwishoni mwa kiangazi kutoka kwenye mayai yaliyotagwa chini ya majani makavu. Vitoto vyake vyenye miguu 6 hupanda vijiti na nyasi, hukusanyika kwa mamia kwenye ncha moja, hushikana miguu na kungoja. Mnyama akipita na kuligusa tawi, habebi kupe mmoja, hubeba mnyororo mzima. Mfugaji wa Afrika Mashariki atamwelewa haraka akimlinganisha na wale anaowajua. Kupe wa kahawia, yule anayeleta ndigana kali, hubadilisha mnyama mara tatu maishani mwake: hula, hudondoka, hukua, kisha hutafuta mwingine. Kupe wa baridi ni kama kupe wa buluu, akishapanda habanduki. Hunywa kidogo, hujivua gamba na kuwa kupe kijana, hutulia wakati wa baridi kali, hunywa tena, hupevuka, na mwezi wa Machi na Aprili majike hunywa shibe yao ya mwisho, huvimba kama zabibu, hudondoka, na baadaye kila mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Hahitaji kuambukiza ugonjwa wowote ili aue, kwa sababu wingi wake unatosha.

Na wingi huo umehesabiwa. Kati ya 2014 na 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, wakishirikiana na idara za wanyamapori za New Hampshire na Maine, waliwavisha ndama wa musi mikanda ya shingoni inayotuma mawimbi, ili kila anayekufa afikiwe mapema na kuchunguzwa. Kwa wastani, ndama 70 kati ya 100 walikufa, na idadi ya kupe kwa mnyama mmoja ilikadiriwa kwa wastani kuzidi 47,000. Mtu anaweza kuisoma namba hiyo na kuipita, kwa hiyo inafaa kukaa nayo kidogo. Ndama huyo ana miezi 10 au 11. Amemaliza baridi yake ya kwanza akitafuna vijiti vikavu, na mafuta aliyoyaweka tangu kiangazi yamekwisha. Hapo ndipo kupe majike wanapoanza kunywa kwa pamoja. Kupe wakizidi 30,000, damu wanayoinyonya kwa wiki 8 hivi inaweza kulingana na damu yote iliyomo mwilini mwake. Mwili hujaribu kuizalisha upya, lakini protini ya kuizalishia haipo kwenye vijiti vya mwezi wa Aprili. Ndama anakufa kwa upungufu wa damu na njaa wiki chache kabla majani mabichi hayajatoka. Wanaobaki hai hujikuna kwenye miti mpaka manyoya yao meusi yakatike na kubaki vishina vyeupe, na watu wa huku huwaita musi mizuka. Majike wazima kwa kawaida hupona, lakini wanatoka wamekonda. Wachache wanazaa pacha, na mitamba huchelewa kupata mimba ya kwanza. Kwa hiyo hata mwaka ambao hakuna mizoga mingi, kupe anaendelea kula katika kizazi kijacho.

Msomaji atauliza, na ana haki: kwa nini musi, na si kulungu wa mkia mweupe anayeishi msitu huohuo? Kupe huyu humpanda kulungu pia, lakini kulungu hachukui hata sehemu ndogo ya mzigo wa musi. Jibu liko katika tabia ya kujisafisha. Kulungu hujilamba na kujichana kila siku kwa ratiba ya mwili, awashwe asiwashwe. Swala pala wa mbuga zetu anafanya hivyo kwa ustadi mkubwa zaidi. Meno yake ya mbele ya taya la chini ni kitana, huchana nayo ngozi asubuhi na jioni, na hata hupokezana na mwenzake kuchana shingo ambayo mwenyewe haifikii. Kupe wachanga wakimpanda mnyama wa namna hiyo, wengi wao hawaioni siku ya pili. Musi huanza kujisafisha pale tu anapowashwa, na kupe mchanga hawashi. Mwasho unakuja miezi kadhaa baadaye, wakati kupe ameshakuwa mkubwa na idadi yake haidhibitiki tena. Sababu inayotolewa ni ya historia ndefu: mababu wa musi walivuka kutoka Asia wakati wa enzi ya barafu, na walikotoka hakukuwa na kupe huyu. Mpaka leo musi wa Uswidi, Norwei na Ufini hawamjui. Huko wako kwa mamia ya maelfu na baridi zao pia zinapungua, lakini hakuna ndama anayekaushwa damu kwa namna hii. Kwa msafiri anayetafuta sababu, hilo ni jambo kubwa. Linaonyesha kwamba joto bila kupe halileti maangamizi haya.

Sasa kalenda. Wastani wa joto la mwaka katika Maine umepanda kwa karibu digrii 1.8 za Selsiasi tangu 1895, na kipindi cha joto cha mwaka kimerefuka kwa takriban wiki 2 tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa masikio ya mtu wa Mombasa hizo ni namba ndogo, tena anaweza kuuliza ni nani atakayelalamikia afueni ya wiki mbili katika nchi ambayo maziwa huganda. Lakini maisha ya kupe wa baridi yamefungwa na milango miwili, na yote miwili inafungwa na theluji. Mlango wa kwanza ni wa majani kupukutika. Vitoto vinaning'inia kwenye vijiti mpaka theluji ya kudumu na baridi ya mfululizo ziviue, na ambacho hakijampata mnyama kufikia siku hiyo kimekwisha. Theluji ikiwahi mwishoni mwa Oktoba, sehemu kubwa ya vitoto hufa bila kuonja damu. Ikingoja hadi Desemba, vinapata wiki kadhaa zaidi za kuvizia. Mlango wa pili ni wa Aprili. Jike aliyeshiba akidondokea juu ya theluji, ana nafasi ndogo ya kuishi. Akidondokea kwenye majani yaliyokwisha kuachwa wazi na theluji iliyoyeyuka mapema, anapata kitanda chenye unyevu cha kutagia. Kwa hiyo mwaka mmoja wenye kuchelewa huku na kuwahi kule unajaza msitu mara mbili. Ndiyo maana nasema hesabu ya wastani wa joto inatudanganya tukiitazama peke yake. Kwa musi, digrii 1.8 maana yake ni siku ngapi za Novemba ambazo tawi limebaki bila theluji.

Wapo wanaolitaja joto lenyewe kuwa muuaji. Wanao ushahidi: utafiti wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba wakati wa baridi musi huanza kuhangaika hewa ikipita digrii 5 chini ya sifuri, na wakati wa kiangazi ikipita digrii 14. Ni mnyama aliyeumbiwa ubaridi, sina ubishi. Lakini musi anayeona joto huingia kwenye kivuli kizito cha misonobari au husimama ziwani mpaka kifuani. Hilo humpunguzia muda wa kula, na pengine humpunguzia mafuta, ila halielezi mzoga wa ndama mwezi wa Aprili uliofunikwa na kupe kutoka masikioni hadi mapajani. Tena hali ya hewa haimpendelei kupe kila mara. Mayai na vitoto hukauka upesi. Ukame wa mwishoni mwa kiangazi cha 2016 katika New Hampshire ulifuatwa na baridi yenye kupe wachache, na ndama wengi zaidi walivuka. Ninalitaja hili kwa sababu linaipinga hadithi nyepesi isemayo kwamba kila ongezeko la joto ni neema kwa kupe. Panapokosekana unyevu kupe hufa, na panapowahi theluji hufa pia. Tatizo ni kwamba eneo hili linapata mvua ya kutosha miaka mingi, na theluji inayowahi imekuwa adimu.

Pingamizi kubwa zaidi ni la umri. Kupe wa baridi si mgeni, na vifo vya halaiki si vya leo. Katika Elk Island, hifadhi iliyo karibu na Edmonton huko Alberta, Kanada, musi walikufa kwa wingi kwa ajili ya kupe katika karne iliyopita, na mtaalamu William Samuel wa Chuo Kikuu cha Alberta alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuvichunguza vifo hivyo. Kwenye kisiwa cha Isle Royale, ndani ya ziwa Superior, ambako musi na mbwa mwitu wamefuatiliwa tangu 1958, watafiti hupiga picha kila majira ya kuchipua ili kupima manyoya yaliyokatika. Basi kuna jipya gani? Jipya ni kurudiarudia. Zamani mwaka mbaya ulikuja, ukaua, kisha ukafuatwa na miaka kadhaa ya theluji iliyowahi. Ndama walikua, kupe wakapungua, msitu ukapumua. Wataalamu wa New Hampshire huuhesabu mwaka kuwa wa mlipuko pale zaidi ya nusu ya ndama wanapokufa kwa kupe, na miaka mitatu ya utafiti nilioutaja ilikuwa ya namna hiyo mfululizo, bila pumziko katikati. Jamii ya wanyama inaweza kupoteza ndama wa mwaka mmoja na isitikisike sana. Ikipoteza ndama wa miaka mitatu mfululizo, inakosa mitamba wa kuchukua nafasi ya mama zao. Mwaka 2022 idara ya wanyamapori ya Maine ilitangaza kwamba kati ya ndama 70 waliokuwa wamevishwa mikanda, 60 walikufa.

Kutoka Errol barabara inakwenda magharibi hadi Colebrook, inavuka mto Connecticut na kuingia Vermont, kisha inapenya bonde la Nulhegan kuelekea Island Pond. Eneo hili huitwa Northeast Kingdom, na ndilo lenye musi wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Vermont. Hapa ndipo nusu ya pili ya hoja yangu inapopata mwili. Kati ya 2017 na 2019 musi 126 walivishwa mikanda katika eneo hili. Ndama waliovuka baridi walikuwa 49 tu kati ya 100, na katika kila vifo 10 vya ndama wakati wa baridi, 9 vilitokana na kupe. Lakini toka nje ya eneo hilo, nenda sehemu nyingine za Vermont hiyohiyo, ambako musi ni wachache na hali ya hewa si ya baridi zaidi, na picha inabadilika: wanyama wana afya bora na ndama wanakua. Shuka zaidi kusini mpaka Massachusetts, ambako theluji huchelewa zaidi na kuyeyuka mapema zaidi. Kama kalenda peke yake ndiyo ingekuwa inaua, musi wa Massachusetts wangekuwa wamekwisha zamani. Wapo, wametawanyika, na hawapati milipuko ya kupe kama ya kaskazini. Anayetaka kuipinga hoja ya tabianchi huutumia mfano huu kusema kwamba tabianchi haina hatia. Mimi nausoma kinyume chake. Theluji inayochelewa huwapa kupe muda, na musi wanaosongamana huwapa kupe pa kupanda. Kupe wa baridi hatembei kutafuta mnyama, hukaa alipoanguliwa. Ikiwa katika kila maili ya mraba yupo musi zaidi ya mmoja, yaani musi 4 hivi kwa kila kilomita 10 za mraba, basi majike wa kupe waliodondoka Aprili wamedondoka palepale ambapo musi wengine watapita Oktoba. Wakiwa nusu ya hapo, mnyororo mkubwa wa vitoto unaning'inia mpaka theluji inaushusha.

Na wingi huo wenyewe haukuwa wa asili ya milele. Karne ya 19 iliwafyeka musi wa New England karibu wote kwa bunduki na kwa shoka la kulima mashamba, na mbwa mwitu wakamalizwa pamoja nao. Mashamba yalipoachwa, msitu ulirudi. Viwavi walipoishambulia misonobari ya Maine katika miaka ya 1970 na 1980, kampuni za mbao zilikata maeneo makubwa mno, na machipukizi yaliyofuata yalikuwa karamu ambayo musi hawakuwahi kuandaliwa. Walikula wakiwa hawana mbwa mwitu wa kuwapunguza, na kwa miaka mingi hakukuwa na uwindaji halali. Maine iliruhusu tena uwindaji wa musi mwaka 1980, New Hampshire mwaka 1988, Vermont mwaka 1993. New Hampshire ilifikia kilele cha musi 7,500 hivi mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha ikapoteza zaidi ya nusu yao. Vermont ilikuwa na zaidi ya 5,000 mwanzoni mwa karne hii na baadaye ikabaki na 2,000 hivi. Anayekiita kilele kile hali ya kawaida, na kila kilichofuata maafa matupu, anasahau kwamba kilele chenyewe kilijengwa kwa shoka na viwavi.

Magharibi, katika jimbo la Minnesota, musi wameanguka pia, kutoka karibu 8,800 mwaka 2006 hadi chini ya nusu ya hao miaka michache baadaye, lakini huko kupe si mshtakiwa mkuu. Mbwa mwitu wanachukua ndama, na kulungu wa mkia mweupe, ambao baridi zilizolegea zimewafungulia njia ya kaskazini, wanaleta mnyoo wa ubongo unaopitia kwa konokono. Yeye kulungu haumuumizi, musi unamuua. Nalipita hilo haraka, ila linanifundisha kutotumia dawa ya jimbo moja kwa ugonjwa wa jimbo jingine.

Ukirudi mashariki, ndani ya Maine, kupitia Rangeley na Jackman mpaka ziwa Moosehead, unafika kwenye swali ambalo kila mfugaji anayezungumza Kiswahili angekuwa ameshaliuliza: josho liko wapi? Kwetu kupe akizidi, ng'ombe wanapelekwa majoshoni au wanapuliziwa dawa, na mjadala ni wa bei na wa kupe waliozoea dawa. Musi hapelekwi popote. Anaishi peke yake au na ndama wake katika msitu wa maelfu ya kilomita za mraba, hafuati kundi, hana zizi. Dawa ya kuogeshea ingehitaji kumkamata kila mmoja kila mwaka. Dawa ya kuwekewa kwenye chakula au chumvi ingeliwa na wanyama wengine, na ingeingia kwenye nyama ambayo watu wanaila, wakiwemo Wapenobscot ambao wana haki ya kuwinda kwa ajili ya chakula katika ardhi yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont wamejaribu kuvu wa udongoni anayewaua kupe wachanga, na ni kazi ninayoitakia heri kwa moyo wote, kwa sababu ingemgusa kupe bila kumgusa musi. Hata hivyo umbali kati ya jaribio na msitu mzima ni mrefu, na ndama wa mwaka huu hawezi kuungoja.

Ndipo Maine ikachukua hatua ambayo wengi waliiona kama kichaa. Mwaka 2021, katika kipande cha eneo la uwindaji namba 4, kaskazini-magharibi mwa jimbo karibu na mpaka wa Quebec, idara ya wanyamapori ilianza jaribio la miaka 5: kuongeza vibali vya kuwinda majike ili wingi wa musi ushuke kwa makusudi, na kipande cha jirani kiachwe kama kilivyo ili vilinganishwe. Vermont nayo iliongeza vibali katika eneo lake lenye msongamano. Kuua majike ili ndama wapone, ndivyo inavyosikika, na anayeshtuka ana moyo. Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni hili: kama musi ni wengi mno, si kupe wenyewe wanawapunguza? Kwa nini tuongeze bunduki? Kwa sababu kupe anaua ndama na kumwacha mama. Mama anaishi miaka mingi, kila Oktoba anabeba mzigo mpya, kila Aprili anadondosha majike wapya wa kupe, na kila mwaka anazaa ndama wa kuliwa. Idadi ya musi inashuka polepole sana, haifiki upesi kule ambako mnyororo wa kupe hukatika, na njia nzima ya kushukia hapo imejaa vifo vya wiki nyingi. Risasi ya Oktoba ni kali, lakini nikiiweka kando ya kifo cha kukaushwa damu kuanzia Machi hadi Aprili, siwezi kusema kwamba kifo hicho ndicho chenye huruma. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Pingamizi la pili ni la maslahi: wawindaji wanataka vibali, idara zinauza vibali, kwa hiyo sayansi imenunuliwa. Ni tuhuma inayostahili kujibiwa kwa heshima, maana mahali pengi duniani, hata katika mbuga zetu, neno uhifadhi limetumika kufunika biashara. Lakini tazama upande ambao maslahi yanavuta. Mwindaji anataka musi wengi, madume hasa, na wageni wa hoteli za Moosehead wanataka kumwona musi kila kona. Sera inayosema tuwe na musi wachache inawaudhi wote wawili. Nadhani ndiyo sababu imechelewa kufika.

Lipo la tatu, nalo linanigusa zaidi. Linasema kwamba tukishughulika na msongamano, tunamwachia huru mchafuzi wa hewa, kana kwamba kosa ni la musi kuzaana. Siwezi kulipuuza, kwa sababu ni kweli kwamba mlango wa Novemba ulifunguliwa na moshi wa viwanda na magari, si na mnyama yeyote. Msongamano huohuo wa musi, katika karne ambayo theluji iliwahi, usingeleta milipuko ya mfululizo. Lakini hewa ya ukaa iliyokwisha kutoka haitarudi chini kwa muda wa maisha ya ndama hawa, wala ya ndama wa ndama zao. Kwa hiyo ni madai mawili yenye saa mbili tofauti. Kupunguza moshi ni dai la kizazi, na atakayelidai asichoke. Kupunguza msongamano ni jambo la msimu huu. Anayekataa la pili kwa ajili ya usafi wa la kwanza anailipa bei ya msimamo wake kwa damu ya mnyama asiyeulizwa. Naye anayelifanya la pili kisha akasema kazi imekwisha, atajikuta akishusha idadi ya musi tena na tena kadiri theluji inavyozidi kusogea, mpaka asibaki na wa kumshusha.

Kaskazini zaidi, katika kaunti ya Aroostook, msitu unaanza kupishana na mashamba ya viazi na baridi inarefuka. Huko ndama wamekuwa wakivuka kwa wingi zaidi kuliko wenzao wa Jackman. Ni wanyama walewale wa jimbo lilelile, na tofauti kubwa ni theluji inayowahi kufika na kuchelewa kuondoka. Njia ya msafiri inaishia kwenye kituo cha ukaguzi, ambako mwindaji aliyepata kibali kwa bahati nasibu huleta mnyama wake mwezi wa Oktoba. Kabla hajachukua nyama, mtumishi wa idara huinama juu ya mzoga, hutenganisha manyoya kwa kidole shingoni, begani, mbavuni na kwenye matako, na kuhesabu kupe wachanga waliokwisha kupanda. Hesabu hiyo ya dakika chache inaashiria idadi ya mizoga itakayookotwa Aprili. Wakati anapoiandika, nje ya kituo vitoto vingine bado vinaning'inia kwenye machipukizi na theluji haijaanguka.